Harrier ya mvuto wa mbele: ubadilishe nini, uache nini

Ukiitazama kwa ubavuni, Toyota Harrier ya kizazi cha pili, ile iliyotoka Japani mwaka 2003 na ambayo Watanzania tuliibatiza "tako la nyani", inaonekana ni gari la kupanda mlima na kuvuka mto. Imesimama juu, tairi ni nene, na ukikaa kwenye kiti cha dereva unaziona bajaji zote zilizopanga foleni mbele yako. Sasa piga goti nyuma ya bampa uchungulie chini. Kama huoni propela inayotoka mbele kuja nyuma, na kati ya tairi mbili za nyuma hakuna lile bonge la chuma tunaloliita difu, basi gari hilo linavutwa na tairi za mbele peke yake. Harrier ilijengwa juu ya msingi mmoja na Camry. Ukiondoa bodi na urefu, ulichonacho ni saluni iliyosimama juu.

Sisemi hivyo kuidharau. Ninaendesha moja, 240G yenye injini ya 2AZ ya cc 2,362, na imenibeba miaka mingi bila kunisusa. Lakini kila wiki ninamwona mtu anaingiza gari la aina hii gereji akiwa na picha ya Land Cruiser kichwani, na anatoka ametumia fedha nyingi kuliondolea ule utulivu lililokuja nao. Kwa hiyo nataka tuelewane jinsi gari hili linavyofanya kazi, kisha tuone ni mabadiliko gani yanalisaidia katika safari ya kila siku: lami, matuta, kipande cha vumbi cha kufikia nyumbani, tope la masika, na mara mojamoja safari ya mkoani.

Kwanza hakikisha unajua ulichonunua. Nembo ya mlango wa nyuma usiiamini, inabandikwa na kubanduliwa. Soma namba ya chesisi kwenye kadi. Harrier ya kizazi cha pili yenye injini ya 2.4 ikianza na ACU30 ni ya mvuto wa mbele, ikianza na ACU35 inavuta kwa tairi zote nne. Kwa RAV4 za Japani za kizazi cha tatu, ACA36 ni ya tairi mbili na ACA31 ni ya tairi nne. Ndugu yake Vanguard ni ACA38 kwa mbili na ACA33 kwa nne. Nissan X-Trail ya T32 nayo ni hivyohivyo: ikitanguliwa na herufi N, yaani NT32, ndiyo ya tairi nne.

Tairi za mbele zina kazi tatu

Katika gari la mvuto wa mbele, tairi mbili za mbele ndizo zinazovuta, ndizo zinazokata kona, na ukikanyaga breki uzito mwingi unakimbilia mbele kwa hiyo ndizo pia zinazobeba sehemu kubwa ya kusimamisha gari. Za nyuma kazi yake ni kufuata kwa utulivu. Hilo ukilishika, nusu ya maswali ya gereji yanajijibu yenyewe.

Kwenye lami kavu mpangilio huu hauna shida yoyote. Injini na gia boksi zimekaa juu ya tairi zinazovuta, kwa hiyo zinashika vizuri. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya: kuvuta kwa tairi nne hakusaidii kusimama. Gari la tairi nne na la tairi mbili, zikiwa na tairi za aina moja na uzito uleule, zinafunga breki sawa. Wanaojuta kununua 2WD, yaani gari linalovuta kwa tairi mbili, kwa sababu ya usalama wa barabara kuu wanajuta bure.

Shida inaanza kwenye utelezi na mlima kwa pamoja. Gari likipanda, uzito unarudi nyuma, na tairi za mbele zinabaki nyepesi wakati ule ule unapozihitaji zivute. Isitoshe, difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kati ya tairi mbili zinazovuta, ni ya kawaida, haina kufuli. Tairi moja ikikanyaga tope na kuanza kuzunguka bure, ile iliyo pahali pakavu nayo haipati nguvu ya kutosha kusogeza gari. Hakuna urembo wa bodi unaobadilisha jambo hilo. Kinacholibadilisha ni mpira unaogusa ardhi, uzito ulio juu ya mpira huo, na mguu wa dereva.

Fedha ya kwanza iende kwenye tairi

Saizi ya kawaida ya 240G ni 225/65R17. Namba hizo zinasomeka hivi: upana wa tairi ni milimita 225, ubavu wake una urefu wa asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 146, na rimu ni ya inchi 17. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, tairi zima lina kimo cha milimita 724 hivi.

Ukihamia 235/65R17, kimo kinakuwa milimita 737. Gari linainuka nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 6 na ushee, na spidi mita inadanganya kidogo: ikisoma 100 unakwenda karibu 102. Hapo hujavunja kitu. Ukienda 225/70R17, unapata milimita 11 za ziada chini ya gari na kosa la asilimia 3 kwenye spidi mita. Kwangu huo ndio mwisho, na hata hapo zungusha stelingi hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu ndani, uhakikishe tairi haligusi plastiki ya ndani ya madigadi. Wanaofunga 265/70R17 wanapata tairi la milimita 803. Hilo linagusa, linaizidi nguvu gia boksi, na kwa Vanguard yenye gia boksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, ni kujitafutia gharama kubwa kwa mikono yako mwenyewe.

Upande wa pili kuna wanaotaka rimu za inchi 20. Tairi la 245/45R20 lina kimo cha karibu milimita 728, kwa hiyo spidi mita inabaki sawa na muuzaji atakwambia kwa haki kabisa kwamba "saizi ni ileile". Kilichopotea ni ubavu: kutoka milimita 146 hadi 110. Ule ubavu ndio mto wako wa kwanza kabla ya shokapu. Ukitumbukia kwenye shimo usiku, milimita 36 zilizopungua ndizo zingeiokoa rimu. Barabara zetu zinapinda rimu na kuotesha tairi nundu ubavuni, na tairi lenye nundu halitibiki, ni la kutupa. Kwa matumizi ya kila siku, baki kwenye 17.

Ukibadilisha rimu hata za inchi ileile, kuna mambo mawili madogo ambayo mafundi wengi huyaruka. Tundu la katikati la rimu za gari hili ni milimita 60.1, lakini rimu nyingi za dukani zimetobolewa 73.1 ili ziingie magari mengi. Bila ile ringi ya kujazia nafasi, rimu haikai katikati sawasawa, na gari linatetemeka ukifika 90 au 100 hata ukibalansi mara tano. La pili ni nati. Rimu za asili za Toyota hii hukazwa kwa nati zenye kola bapa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye mdomo wa koni. Ukizichanganya, nati inakaa kwa ncha tu na inaweza kulegea ukiwa njiani. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, Nm 103, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Fundi anayeruka juu ya spana kwa miguu miwili anavuta stadi, yaani zile bolti zinazoshika rimu, na siku utakapopata pancha Chalinze usiku hutaweza kuzifungua.

Kuhusu aina ya tairi: kashata kubwa za matope, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa ardhi, zinavutia macho, ila ni nzito, zinapiga kelele, na kwenye lami yenye maji zinachelewa kusimama. Kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya njia yake ni lami, tairi la H/T, la barabara kuu, linatosha. Mwenye kipande kirefu cha vumbi na tope achukue A/T ya kiasi, tairi la njia zote, lile lenye vipande vidogo vilivyosogeleana katikati na vikubwa kidogo pembeni. Kabla hujalipa, soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi za DOT, ambapo 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umeshakauka na kuwa mgumu kama kandambili iliyoachwa juani. Angalia pia namba ya uzito. 102 ina maana tairi moja linabeba kilo 850. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari.

Sasa lile linalozua ubishi kila gereji. Ukinunua tairi mbili tu mpya, ziwekwe wapi? Fundi atasema mbele, kwa sababu ndizo zinazovuta. Jibu sahihi ni nyuma. Kwenye lami iliyolowa, tairi lenye kashata iliyokwisha linapanda juu ya maji na kuacha kushika. Hilo likitokea mbele, gari linakwenda moja kwa moja ukikata kona; unaachia mafuta, spidi inashuka, linarudi. Likitokea nyuma, gari linageuka lenyewe, tako linakuja mbele, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Watengenezaji wa tairi wenyewe wanashauri hivyo, na ushauri huo hauangalii gari linavuta kwa mbele au kwa nyuma. Mwisho wa kashata kwa nchi nyingi ni milimita 1.6, na vile vijiti vya mpira ndani ya mifereji vimewekwa kwa kimo hicho. Mimi sisubiri vijiti. Zikifika milimita 3 masika inakaribia, ninabadilisha.

Upepo ujazwe kwa namba ya kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi, kabla hujaendesha zaidi ya kilomita chache. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo na wala haihusiani na gari lako. Nunua kipima upepo chako mwenyewe. Vya mtaani vingi vimechoka.

Spesa, na sababu ya mimi kuzitoa

Nilipohamia nyumba iliyo mbele ya kipande cha barabara ya vumbi, gari langu lilikuwa linagusa tuta la pili kila siku nikiwa na familia ndani. Nilikwenda gereji moja, nikaambiwa dawa ni spesa: vipande vya alumini vinavyofungwa kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Za kwangu zilikuwa za milimita 40. Kazi iliisha kwa saa chache. Gari lilisimama juu kweli, na nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusikia tak-tak-tak kila nikikunja stelingi kutoka langoni. Fundi mwingine aliliinua kwa jeki, akamulika tochi nyuma ya tairi la kushoto. Upande wa ndani wa rimu ulikuwa umepakwa grisi nyeusi, imerushwa kwa duara kama mtu aliyepiga brashi. Buti la raba linalofunika sivi-jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi hata likikunjwa, lilikuwa limechanika mkunjo mmoja, vumbi limeingia, na gololi zilikuwa zimeshaanza kuliwa. Kisha akanishika mkono akaupitisha juu ya kashata za tairi. Kutoka nje kwenda ndani zilikuwa laini. Kurudi zilikuwa zinakwaruza kama msumeno. "Hizi tairi hazikuwa zinatazama mbele, kaka," akaniambia. "Zilikuwa zinaburutwa." Tairi hizo nilizinunua mwaka uleule.

Kilichotokea ni hiki. Shafti zinazotoka gia boksi kwenda kwenye tairi za mbele zimepangwa zikae karibu na usawa. Ukiinua bodi, gia boksi inapanda nayo, lakini tairi zinabaki chini, kwa hiyo shafti zinainama. Sivi-jointi inafanya kazi ikiwa imepinda hata ukiwa unakwenda moja kwa moja, na mikunjo ya buti inasuguana. Wakati huohuo mkono wa chini wa tairi unaning'inia kuliko ulivyopangiwa, bolijointi inafika mwisho wake kila tairi linapoanguka shimoni, na pembe za tairi zote zinahama. Gari lilipaswa kwenda alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa pembe za tairi, siku ileile ya kufunga spesa, na hakuna aliyeniambia.

Kuna na jambo la nne, ambalo halina sauti wala halichani buti. Kitovu cha uzito kimepanda. Gari refu tayari lina tabia ya kulala kwenye kona. Ukiliongezea milimita 40 bila kuongeza upana wala kubadilisha springi, linalala zaidi, na siku utakapomkwepa mwendesha bodaboda ghafla ndipo utakapolihisi.

Niseme pia kwamba spesa haiongezi chochote kwenye mwendo wa shokapu. Shokapu iliyochoka inabaki imechoka, ila sasa imechoka ikiwa juu. Na hapa ndipo lilipokuwa tatizo langu tangu mwanzo. Gari lilikuwa linagusa tuta kwa sababu springi zake za nyuma zilikuwa zimelala na shokapu zilikuwa zinavuja mafuta. Halikuwa limezaliwa fupi. Namna ya kujipima ni rahisi: egesha mahali tambarare, pima kwa futi ya fundi kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Kama kushoto na kulia zinatofautiana zaidi ya sentimita moja, au nyuma ukipakia watu wawili panazama sana, springi zimekwisha. Kisha bonyeza kona ya gari kwa uzito wako uachie. Likirudi mara moja na kutulia, sawa. Likicheza mara mbili tatu, shokapu hazipo.

Nilitoa spesa, nikafunga springi mpya, shokapu mpya nne, bushi za mikono ya chini, stabilaiza linki na raba za vichwa vya shokapu, kisha alaimenti. Gari likapanda karibu sentimita mbili na nusu kwa nyuma bila spesa hata moja. Tuta la pili haligusi tena. Fedha ilikuwa kubwa kuliko ya spesa, sifichi. Lakini ukijumlisha spesa, sivi-jointi na tairi mbili nilizotupa, njia fupi ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Kama baada ya kurudisha vya asili bado unataka kuongeza, tafuta springi zilizotengenezwa ndefu kidogo kwa ajili ya gari hilo pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na usivuke milimita 25 au 30. Zile Harrier zilizokuja na springi za upepo, zilizouzwa kwa jina la AIRS, ziache kabisa na hesabu hizi. Mfumo wake una visensa na pampu, na unahitaji fundi anayeujua.

Breki

Hapa sina maneno mengi, kwa sababu gari hili lina breki za kutosha kwa kazi yake. Kinachopungua ni matunzo. Mafuta ya breki ya DOT 3 yanafyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Kiwango hichohicho kinakubali yashuke hadi 140 yakishalowa. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea: unakanyaga pedali inazama kama mguu umeingia kwenye mchanga. Ndiyo maana mtu anafika chini ya mteremko wa Kitonga breki zinanuka na pedali ni laini. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, nunua pedi nzuri, na kwenye mteremko mrefu rudisha gia hadi 3 au 2, injini ilishike gari. Diski kubwa zenye matundu hazina kazi kwenye gari la familia. Kama umeongeza ukubwa na uzito wa tairi, kumbuka breki zako ndizo zitakazolipa uzito huo.

Chini ya injini

Magari mengi yanafika bandarini yakiwa na kava la plastiki chini ya injini. Fundi wa kwanza wa kubadilisha oili analifungua, klipu zinavunjika, halirudi tena. Tangu siku hiyo sampu, lile bakuli la oili, na mkanda wa alternata vinapigwa na kokoto na maji ya dimbwi. Kurudisha kava hilo, au kuchongesha bamba la chuma la milimita 2 au 3, ni moja ya mabadiliko bora kwa anayepita njia mbovu. Bamba liwe na tundu la kufungulia oili, lifungwe kwenye fremu ya chini na si kwenye sampu yenyewe, na liachwe na mianya ya hewa. Usizibe sehemu ya nyuma inayotoa joto la rejeta. Chuma nene cha milimita 6 ninachokiona kwa baadhi ya watu kinaongeza kilo nyingi bila sababu.

Maadamu tuko chini: gia boksi ya 240G inatumia oili ya Toyota ya aina ya T-IV. Ya CVT inataka oili ya CVT na si nyingine. Ukiwa na 2AZ pia pima oili ya injini kila wiki mbili, kwa sababu injini hizi, hasa za baada ya 2006, zilijulikana kwa kula oili kiasi kwamba Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya wateja wake huko Marekani. Anayetafuta filta ya spoti na bomba la kelele aanze na kijiti cha oili.

Taa

Usiku kipande cha vumbi kinatisha, kwa hiyo watu wanatoa balbu za halojeni na kuchomeka LED za bei rahisi. Taa ya gari ni kioo kilichokokotolewa kuzunguka waya mdogo unaowaka mahali maalumu kabisa. LED ikikaa milimita mbili pembeni, mwanga unatawanyika: karibu na bampa panang'aa sana, mbali panabaki giza, na anayekuja mbele yako anapofuka. Kabla ya kununua chochote, ng'arisha vioo vya taa vilivyogeuka njano, badilisha balbu zilizochoka kwa halojeni nzuri za wati zilezile, na safisha waya wa ethi. Simamisha gari mbele ya ukuta, weka alama pale mwanga wa chini unapokatika, na urudie kipimo kila ukibadilisha springi. Magari yetu ya Japani yanashukuriwa kwa hili, kwamba taa zake zimeelekezwa kwa nchi inayoendesha kushoto.

Mtungi wa gesi

Kwa Dar es Salaam badiliko linaloleta nafuu kubwa kuliko yote mfukoni ni kufunga mfumo wa CNG, gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay. Ninaliunga mkono. Ila ni badiliko la uzito vilevile, na kwa gari la mvuto wa mbele uzito unapokaa ni habari kubwa. Mtungi wa chuma wa lita 80 unakaribia kilo 80 kabla gesi haijaingia, na ukifungwa kwenye buti unakaa nyuma ya ekseli. Nyuma panazama, mbele panainuka kidogo, yaani pale pale tunapotaka uzito. Taa zinaelekea juu. Ukiongeza watu watatu kiti cha nyuma, springi zilizochoka zinafika mwisho.

Kwa hiyo funga springi za nyuma nzima kabla ya mtungi, au siku ileile. Omba mtungi ukae karibu na kiti cha nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, si kwenye mlango wa buti. Soma tarehe ya kupimwa tena iliyogongwa shingoni mwa mtungi, maana gesi humo inakaa kwa shinikizo la baa 200. Amua mapema spea tairi litakaa wapi. Wengi huliacha nyumbani, kisha pancha inawakuta Mlandizi. Na wenye bima kubwa waitaarifu kampuni kwa maandishi, kwa mtungi na kwa badiliko lolote la urefu wa gari.

Vilivyobaki vinakwenda haraka. Bomba la kuvutia hewa juu ya kioo halina maana kwenye gari ambalo halitavuka mto. Bampa la chuma linaongeza uzito mbele ya ekseli, linabadilisha jinsi mgongano unavyofika kwenye visensa vya eabegi, na mtembea kwa miguu akigongwa nalo hana nafasi. Keria ya juu iwepo kwa safari, ishuke safari ikiisha.

Masika mmoja nilirudi jioni nikakuta kilima cha mfinyanzi kilichopo kabla ya nyumbani kimeshamshinda jirani yangu mwenye gari kama langu. Tairi zake za mbele zilikuwa zinazunguka palepale, na vijana walikuwa wameshaanza kuomba fedha ya kusukuma. Nikamwomba arudi chini taratibu, ageuze gari, azime TRC, mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure, kwa swichi yake, kisha apande kwa rivasi, mimi nikitembea nyuma kumwongoza. Ukipanda kwa rivasi, tairi zinazovuta ndizo zinazobaki upande wa bondeni, na uzito mwingi unazikalia, injini ikiwa juu yake. Aliweka mafuta kidogo tu, bila kukanyaga. Tairi ziliteleza mara moja, zikashika, gari likapanda kinyumenyume hadi juu, matope yakimrukia kioo cha mbele.